Kupiga kafi kutoka Kilwa hadi Mafia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari ya kayaki baharini

Haya ni maswali yanayorudiwa na watu wanaotaka kusafiri baharini kwa kayaki siku kadhaa, wakilala visiwani. Majibu yamefungwa kwenye pwani ya kusini ya Tanzania, kati ya Kilwa na Mafia, kwa sababu ushauri wa bahari usiotaja mahali hausaidii sana. Aliye Pemba, Wasini au Lamu atapata cha kuchukua, ila saa za maji na milango ya miamba, yaani njia za kupita kati ya miamba, aulize kwao.

## Mambo ya msingi

1. Kayaki ya baharini ni ipi? Zile za hotelini hazifai?

Kayaki ya baharini ni ndefu, kwa kawaida mita 5 hadi 5.5, na nyembamba, sentimita 55 hadi 60 hivi kwa upana. Unakaa ndani, miguu imenyooka mbele, na tundu la kukalia linazibwa kwa sketi isiyopitisha maji. Tumbo lake limegawanywa kwa kuta: kuna chumba cha omo (mbele) na chumba cha tezi (nyuma), vyote na vifuniko vyake. Humo ndimo inamokaa mizigo, na hewa ya humo ndiyo inayokibakiza chombo juu maji yakijaa pa kukalia. Nyingi zina usukani mdogo unaosukumwa kwa miguu, na kafi lake lina bapa pande zote mbili.

Ile ya hotelini ni fupi, pana, na inakaliwa juu. Ghubani asubuhi ni starehe. Lakini haina pa kuweka hema na maji ya siku tatu, na upepo wa ubavuni unaigeuza utakavyo wenyewe.

2. Lazima nijue kuogelea?

Ndiyo. Jaketi la kuokolea litakuweka juu, lakini asiyezoea maji hushikwa na hofu akipinduka, na mwenye hofu humzamisha hata anayemsaidia. Huhitaji kuwa mwogeleaji wa mashindano. Inatosha uweze kukaa majini dakika 20 au 30 ukiwa na nguo na jaketi, kichwa kimetulia.

Na jaketi linavaliwa, halifungwi juu ya kayaki. Hili halina mjadala, hata bahari ikiwa imelala kama mkeka.

3. Mtu wa kawaida anaenda umbali gani kwa siku?

Kayaki iliyojaa mizigo huenda kilomita 5 hivi kwa saa maji yakiwa yametulia. Mtu mwenye mazoezi ya wastani hupiga kafi saa nne hadi tano kwa siku, kwa hiyo panga kilomita 20. Thelathini zinawezekana upepo ukiwa mgongoni. Upepo ukiwa usoni, hata kumi ni kazi, na jua la saa sita huna pa kulikimbia.

Wengi hukosea kwa kupima njia kwenye ramani ya simu kisha kugawanya kwa kasi ya siku nzuri. Pima kwa kasi ya siku mbaya, halafu acha siku moja tupu katika kila siku nne za safari. Ikibaki, utaitumia kuvua au kulala.

4. Nijiandae kwa muda gani?

Kwa mtu ambaye hajawahi kushika kafi, miezi miwili hadi mitatu ya kutoka mara mbili kwa wiki inatosha kwa njia rahisi ya swali la 6. Wakazi wa Dar es Salaam wana pa kujifunzia: kutoka Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya na kurudi. Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari, kwa hiyo kuna ada ya kuingia.

Usifanye mazoezi ya mikono pekee. Kafi linavutwa kwa kiuno na mgongo. Anayevuta kwa mikono huvimba vifundo siku ya pili. Na angalau nusu ya mazoezi iwe ya kupinduka na kurudi ndani (swali la 17).

5. Naweza kwenda peke yangu?

Wapo wanaofanya hivyo. Kwa safari ya kwanza nasema hapana. Watatu ndio wanaofaa: mmoja akiumia, mmoja anakaa naye, mmoja anafuata msaada. Kama hamfiki watatu, kodi mashua ya wenyeji iwafuate. Nahodha wa Kilwa anayejua mafungu (matuta ya mchanga baharini) na milango ya eneo lake ana thamani kuliko kifaa chochote cha setelaiti, na hakuna aibu yoyote kubebewa maji na mashua.

## Njia na majira

6. Nianzie wapi?

Kilwa Masoko. Ukitoka hapo, Kilwa Kisiwani iko ng'ambo tu, kama kilomita 2, na kusini zaidi kuna Sanje ya Kati na Songo Mnara. Maji ya huko yamezungukwa na visiwa na mikoko, kwa hiyo mawimbi ya bahari kuu hayafiki kwa nguvu. Siku tatu au nne zinatosha kuzunguka kwa raha na kutembea magofu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, na ni jambo la pekee kuufikia Msikiti Mkuu wa Kilwa kwa njia ile ile waliyofikia wageni wake wa kale, yaani kwa chombo, mkitazama maji. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331.

Njia ya pili ni kwenda kaskazini hadi Songo Songo, zaidi ya kilomita 40 kutoka Masoko, mkilala njiani pwani ya bara. Ya tatu ni kuendelea hadi Mafia. Hiyo ina swali lake, la 9.

7. Mwezi gani ni mzuri?

Mwishoni mwa Septemba hadi Novemba. Kusi, upepo wa kutoka kusini, imelegea, na kaskazi, ule wa kutoka kaskazini, haijashika; ni wakati wa tanga mbili. Alfajiri kunakuwa na umande, yaani upepo mwepesi kutoka bara, na bahari imelala. Kuanzia saa tano au sita upepo wa baharini unaamka. Ukitoka mapema, unafika kabla yake. Ni wakati huo pia papa potwe wanapoanza kuonekana upande wa Kilindoni, Mafia.

Nafasi ya pili ni Februari hadi mapema Machi, kabla ya masika. Joto lake ni kali na maji ya kunywa yanaliwa haraka.

Juni hadi Agosti kusi inavuma kwelikweli. Nyangumi wanapita na anga ni safi, lakini hizo ni siku za wazoefu, na hata wao hushinda pwani wakisubiri. Aprili na Mei achana nazo: mvua, na kwa nadra vimbunga. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara ya kusini eneo la Somanga.

Kuna jambo moja ambalo wageni hulisahau. Mkondo wa bahari kwenye pwani hii unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi unauongezea kasi, kaskazi unaupunguza. Ndiyo sababu safari inapangwa kutoka Kilwa kwenda Mafia na sio kinyume chake. Katika kaskazi, nje ya miamba, upepo unagongana na mkondo na kuinua mawimbi mafupi, yenye kingo, yasiyopandika vizuri.

8. Bamvua na maji mafu yananihusu nini mimi mwenye kayaki nyepesi?

Yanakuhusu kuliko upepo. Kayaki ikishapakiwa si nyepesi tena: pamoja na maji na chakula inafika kilo 60 hadi 80, na pwani hii ni bapa. Maji yakipwa siku za bamvua, yaani siku za maji makubwa, ufuko unaweza kukauka mita mia kadhaa, na chini ni matope ya mikoko au matumbawe yanayokata.

Siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu ni kama mita moja tu. Bamvua hukolea siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo maji mafu huangukia takriban tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25 za mwezi wa Kiislamu. Ukitaka kupanga safari, anza na kalenda hiyo kabla ya kuomba likizo kazini.

Sasa saa zenyewe. Bamvua katika pwani hii maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Tazama mtego uliopo: ukitoka saa kumi na mbili asubuhi na kupiga kafi saa nne, unafika mahali pa kulala maji yamekauka kabisa. Utakaa juani juu ya fungu ukisubiri hadi saa saba au nane. Siku za maji mafu mambo yanageuka: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, unatoka na kuingia bila kuburuta chombo. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Kwa hiyo kwa safari ya kwanza, chagua maji mafu. Pia mikondo ya kwenye milango kati ya visiwa inakuwa ya upole. Mlango wa ghuba ya Kilwa bamvua ikipwa, upepo wa baharini ukiwa unaingia, huchemka; uvuke maji yakiwa yamesimama, au kaa chini ya mkoko unywe chai.

9. Songo Songo hadi Mafia inawezekana?

Inawezekana kwa kundi lenye uzoefu na mashua ya kufuata. Ni zaidi ya kilomita 50 hadi visiwa vya kusini mwa Mafia, mkipitia Nyuni na Okuza. Sehemu ya mwisho, kutoka Okuza, ni zaidi ya kilomita 20 bila pa kushuka, na mkondo unaweza kuwasogeza pembeni bila nyinyi kuhisi. Mwenye dira ashike uelekeo na aangalie alama mbili nchi kavu. Zikianza kuachana, mnasukumwa.

Nyuni na Okuza si mahali pa kutegemea maji. Chukueni yote Songo Songo, ambako kuna kijiji kikubwa na maduka. Kama utabiri hauna siku mbili tulivu mfululizo, pandeni mashua na kayaki zenu hadi Mafia. Mtakuwa mmeona kisiwa kile kile.

10. Utabiri niupate wapi?

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa bahari na tahadhari. Ukisikia onyo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, siku hiyo hakuna safari, hata ukiona ufuko umetulia. Kwa kayaki mimi naweka kikomo chini zaidi: kilomita 20 kwa saa kwa wanaoanza.

Halafu nenda pwani uulize wavuvi. Usiulize "leo bahari ni salama?" kwa sababu adabu itamfanya mzee akuambie inshallah. Muulize yeye mwenyewe leo anakwenda wapi na anarudi saa ngapi. Kama ngalawa zimelala, nawe lala.

## Kusafiri na vibali

11. Kayaki nitaifikishaje Kilwa?

Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300 kwa lami, mnachepuka Nangurukuru kwenda Masoko. Basi halitabeba chombo cha mita 5. Njia zinazofanya kazi ni tatu: gari binafsi lenye keria imara juu, lori la mizigo linalokwenda kusini, au kayaki ya kukunja au ya kuunganisha vipande inayoingia kwenye mabegi.

Kwa lori, fanya makubaliano mapema, ifunge kwa magodoro, na isikae chini ya saruji. Mpe utingo chake kabla, hapo ataiangalia. Wanaotoka Ulaya au Ghuba kwa ndege, kayaki ya kukunja ndiyo pekee yenye maana. Pima begi nyumbani, maana nyingi zinazidi kilo 23. Mitungi midogo ya gesi ya kupikia hairuhusiwi kwenye ndege, hivyo panga jiko la mafuta ya taa au mkaa utakaonunua huku.

12. Nahitaji vibali gani?

Kwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, lipa na upate kibali Masoko kabla ya kuvuka; eneo linasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kwa Mafia, sehemu kubwa ya kusini, pamoja na Chole, Juani na Jibondo, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa 1995, na ina ada ya kila siku. Fanjove, karibu na Songo Songo, ina hoteli ya watu. Usipige hema bila kuomba. Na karibu na mitambo ya gesi ya Songo Songo usikaribie wala kupiga picha.

Mkiwa mnabeba wateja wanaolipa, hiyo ni biashara ya usafiri majini. Waulizeni TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, kwanza. Yote hayo hayaondoi ulazima wa swali linalofuata.

13. Nikishuka kijijini nifanye nini?

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji kabla ya kufungua hema. Kwenye pwani yenye magendo na wahamiaji wanaopitishwa usiku, watu wasiojulikana wanaoibuka baharini na mabegi meusi lazima watiliwe shaka. Beba nakala za vitambulisho na barua fupi inayosema mmetoka wapi, mnaelekea wapi na mko wangapi. Akigonga muhuri wake, kijiji kinachofuata kitawapokea upesi zaidi.

Salamu kwanza, shida baadaye. Anayestahili shikamoo apewe. Vaa kaptura ndefu na fulana ukiingia mitaani. Wanawake wafunge kanga juu ya nguo za majini. Mkifika mwezi wa Ramadhani, msile wala kunywa hadharani mchana, na msitarajie kupata chakula cha kununua hadi jioni.

14. Tunalala wapi pasipo na kijiji?

Tafuteni dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi. Wavuvi huchagua vizuri: pana kivuli, chombo kinaingia, mara nyingine pana kisima. Kama wapo, ombeni nafasi pembeni yao na mkubaliane bei ya samaki. Kama hawapo, msitumie kuni walizokusanya.

Hema lipigwe juu ya mstari wa mwani mkavu, kisha panda hatua kadhaa zaidi. Bamvua ya usiku huwa haibishi hodi. Kayaki zifungwe kwenye mti, hata zikiwa juu kabisa.

## Maji, chakula na vifaa

15. Nibebe maji na chakula kiasi gani?

Lita 5 hadi 6 kwa mtu kwa siku, kupika kukiwemo. Visima vya visiwani vingi vina chumvichumvi. Yanafaa kuoshea na kuchemshia viazi, si kunywa. Gawanya maji kwenye madumu madogo ya lita 5, kwa sababu dumu la 20 haliingii kwenye kifuniko na likipasuka umepoteza yote. Yale ya kijijini yachemshe au uyatie dawa.

Chakula si tatizo kwenye pwani hii. Mchele, unga, dagaa wakavu, tende, karanga, korosho, ndimu, na mihogo ya kununua njiani. Mkiwa kwenye kafi, tende na karanga kila saa moja ni bora kuliko mlo mmoja mzito. Beba pia paketi za chumvi na sukari za kuzuia ukavu wa mwili. Kichwa kikianza kuuma saa sita mchana, mara nyingi ni hilo.

16. Vifaa gani nisivyopaswa kuviacha?

Kwa kila mtu: jaketi, filimbi, kofia yenye ukingo, fulana ya mikono mirefu, miwani, viatu vya kuingilia majini. Samaki jiwe na samaki aina ya taa wamejificha mchangani, kwa hiyo usishuke peku hata kama wenyeji wanafanya hivyo.

Kwa kundi: kafi la akiba, pampu ya mkono, kamba ya kuvutia, dira, tochi, vifaa vya kuziba nyufa, kisanduku cha huduma ya kwanza chenye dawa mseto ya malaria na kipimo chake. Simu hukamata karibu na vijiji vikubwa lakini usiitegemee kati ya visiwa. Redio ya VHF, chaneli ya 16, ndiyo ya dharura. Kwa njia ya swali la 9 ongeza kifaa cha setelaiti cha kuomba msaada. Kila kitu cha umeme kiwe kwenye mfuko usiopitisha maji, ndani ya mfuko mwingine.

## Hatari na hali za pembeni

17. Nikipinduka?

Vuta sketi, toka, shika kayaki na kafi. Usiiache kayaki kamwe kuogelea kwenda pwani. Inaonekana mbali kuliko kichwa chako na inaelea. Mwenzako anakuja, anainua omo yako ili maji yamwagike, anaigeuza, anaishika sambamba na yake, wewe unapanda kwa tezi ukiwa umelala kifudifudi. Kundi lililozoea hulimaliza hili kwa dakika mbili. Kundi ambalo halijawahi kulifanya pamoja, kwenye mawimbi, huenda lisiliweze kabisa.

18. Vipi mamba, viboko na papa?

Papa hawakusumbui ukiwa kwenye kayaki. Papa potwe ni mkubwa lakini anakula vijidudu. Mwache umbali, usimguse. Yavuyavu huwasha, ndiyo sababu nyingine ya mikono mirefu.

Mamba na viboko ni habari nyingine. Wako kwenye delta ya Rufiji, kaskazini mwa Somanga, na viboko wapo hata Mafia kwenyewe. Usiingie kwenye vijito vya Rufiji bila mwenyeji, na usipige hema kwenye midomo ya mito.

19. Naweza kupiga kafi usiku, kukwepa jua?

Alfajiri yenye mbalamwezi, ndani ya ghuba unayoijua, sawa, mkiwa na taa. Nje, hapana. Mashua nyingi za uvuvi hazina taa, nyavu zimetandazwa juu ya maji, na nahodha wa boti ya injini hatarajii kukuta kitu kidogo namna hiyo.

20. Naweza kuanzia Kenya, au kuendelea hadi Msumbiji?

Kuvuka mpaka kwa kayaki ni kuvuka mpaka. Lazima ugonge pasipoti kutoka kituo rasmi upande mmoja na uripoti kituo rasmi upande wa pili. Kushuka ufukweni na kutafuta ofisi kesho yake ni kosa. Hata ukitoka bara kwenda Unguja au Pemba, tua bandari inayojulikana. Kwa kusini, nisingevuka Mtwara: eneo la mdomo wa Ruvuma lina ulinzi mkali kwa sababu ya mapigano ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji.

21. Tukichelewa kufika, nani aanze kututafuta, na lini?

Amueni kabla ya kuondoka, kwa maandishi. Mwachieni mtu mmoja nchi kavu mpango wa kila siku, rangi za kayaki, namba za simu zote, na saa ya kuanza kuhangaika. Weka saa hiyo mbali kidogo, kwa mfano saa nne asubuhi ya siku inayofuata, kwa sababu kundi lenye akili likikuta upepo hushuka fungu la karibu na kulala hapo bila mtandao. Ikipita, apige kwa mwenyekiti wa kijiji mlikotarajiwa, kisha polisi kwa 112, na aombe taarifa ifike kituo cha kuratibu uokoaji majini Dar es Salaam. Mwenyekiti awe wa kwanza: ndiye mwenye wavuvi walio tayari na mashua.